Jedwali Lisilojua Kusema Hakuna

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika mchana, nimelowa chapachapa, na neno la kwanza la Baba halikuwa pole. "Umekonda mgongoni," kasema, bado amekaa kwenye cherehani, miwani imemteremka puani. Miaka arobaini na tano ya kupima watu imemzoesha kusalimia mabega kwanza, mwenye mabega baadaye.

Hali ndiyo hii. Baba anamkabidhi duka Mkasi, fundi aliyefanya naye kazi miaka sita. Jina la Mkasi amepewa kwa ajili ya ulimi wake, wala si kwa ajili ya ushonaji. Makabidhiano ni Jumamosi ya tarehe 18 Mei, mvua zitakapokuwa zimekatika. Kabla ya siku hiyo Baba anataka kushona gauni moja la mwisho, langu mimi, na anataka kulikata kwa karatasi za Mama.

Karatasi ni zile fundi anazochora kwa vipimo vya mteja: mbele, nyuma, mkono, kola. Wengine wakishakata wanazitupa. Baba hutia kwenye bahasha akahifadhi. Anazo bahasha 1,314 ndani ya kabati la droo mia moja, alilolichukua duka la dawa la jirani lilipofungwa. Ya Mama imo humo. Ilipo alikuwa akipajua Mama mwenyewe, na Mama ametutoka mwaka wa pili sasa. Baada yake aliyepajua ni kompyuta, nayo ilikufa Januari paa lilipovuja juu yake.

"Si unipime tu," nimemwambia. "Futi hiyo hapo shingoni mwako."

"Kukupima naweza. Kuchora ndiyo siwezi." Akagusa miwani. "Mstari naanza mmoja, namaliza miwili. Lakini karatasi iliyokwisha kukatwa naifuata kwa vidole. Na wewe ni mama yako mtupu, tangu mabega hadi kiuno."

Nina likizo niliyoilimbikiza miaka minne. Nimemwambia wiki moja inatosha.

Jumanne, 5 Machi

Mkasi amepata kompyuta ya mkono wa pili, nzuri kuliko ile ya zamani. Programu ni ileile niliyomwandikia Mama nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka wangu wa pili chuoni, kwa lugha ya C. Nilikuwa na nakala yake. Leo nimeifungua na nimeona aibu tamu, kama mtu anayesoma barua zake za ujana.

Kazi yake ni ndogo. Kuna faili ambalo Mama aliliandika mstari kwa mstari, na Mkasi ameliokoa kwenye diski ya mashine iliyokufa: jina la mteja, kisha namba ya droo. Programu inalisoma faili na kuyapanga majina yote kwenye jedwali. Jina linasagwa linakuwa namba, na namba hiyo ndiyo nafasi yake ndani ya jedwali, kwa hiyo ukiuliza hulazimiki kupitia watu wote. Jedwali lenyewe sikulibuni mimi. C inakuja na kazi zake tayari: hcreate inatengeneza jedwali, hsearch inaweka na kutafuta. Nilijiona mjanja sana kuzijua.

Katikati ya msimbo nilikuwa nimejiachia maelezo. Moja linasema: "Jina halizidi herufi 80, Baba hana maneno mengi." Jingine: "Tunaokoa kumbukumbu, mashine ni maskini." Na hili: "Jaribio la kwanza ni Msumbufu wa Pindo. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Asifutwe kamwe, amri yake."

Nakumbuka kicheko hicho. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono yake inanuka vitambaa vipya, akanitajia jina la kujaribia. Nilipomuuliza kinachochekesha alisema, "Andika wewe, fundi wa mashine."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Programu imewaka.

Hapa nieleze tabia ya Baba, maana bila hiyo faili lote ni kichekesho. Baba haulizi jina. Hajawahi kumuuliza mteja yeyote jina. Mtu akiingia, Baba anamtazama, anampima, na juu ya bahasha anaandika alichokiona siku hiyo. Kwa hiyo faili la Mama linasomeka hivi: Mke wa Baiskeli, droo 12. Mzee wa Makoti, droo 70. Asiyesimama Wima Akipimwa, droo 33. Bibi Harusi Aliyeghairi, droo 8. Yupo mwalimu wangu wa darasa la nne humo kwa jina la Kelele.

Nimeuliza Mke wa Baiskeli. Droo 12, na bahasha ipo. Nimeuliza Kelele, naye yupo. Mkasi amepiga vigelegele na kunipa kiti kizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekosa adabu ya kungoja. Asubuhi, Baba akiwa amesimama nyuma yangu palepale alipokuwa akisimama Mama, nimeandika jina la Mama, majina yake yote matatu, maana mkewe nilidhani alimwandika kwa jina, nikabonyeza.

Droo 61.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Droo 61 iko juu, na hakutaka nimsaidie. Alipanda kigoda mwenyewe, akatoa bahasha iliyokuwa ndani, akashuka nayo ameibana kifuani. Akaiweka kwenye meza ya kukatia na kuifungua taratibu, kipande kimoja kimoja, huku akivinyoosha kwa kiganja. Kipande cha mgongo kilipofunguka kikavuka ukingo wa meza upande huu na huu. Nilijua kabla yake, kwa kuwa mimi nina macho. Yeye alipitisha vidole begani, akashuka nalo, akarudi, akapitisha tena.

"Huyu ni mwanamume," akasema. "Huyu ni yule mpiga tarumbeta."

Akavikunja vipande kwa mikunjo yao ya zamani. Mkasi alikuwa na la kusema, nikamwona analimeza. Baba akarudi kwenye cherehani akashona mfuko wa shati la mtu mpaka jioni, na mara mbili nilimsikia akiufumua.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini. Nimeangusha mitambo ya watu wakubwa na sikuona haya kama leo.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimepika, nimeunguza.

Jumatano, 13 Machi

Programu inadanganya kwa mpango gani sielewi. Wengine inawapa droo zao sawasawa. Asiyesimama Wima inampeleka kwa Bibi Harusi Aliyeghairi. Nimeuliza neno "Sabuni", ambalo haliwezi kuwa mteja. Ikanipa droo 9.

"Hii imelelewa dukani," Mkasi amesema. "Haikubali kwamba kitu hakuna."

Amecheka, lakini ndiye atakayebaki nayo. Wateja wake nusu wana karatasi humo ndani, na yeye hakukaa na Mama vya kutosha kujua nani yuko droo gani.

Jumatatu, 18 Machi

Wiki moja niliyoahidi imepita kitambo. Baba haniulizi. Anafungua droo 38, ile iliyo usawa wa mkono wake akiwa ameketi, anatoa chaki, anaisahau mezani, anafungua tena anatafuta nyingine. Siku nzima ni hiyo droo na mlio wake. Nilikuwa nalala chini ya meza ya kukatia nikiwa mdogo na mlio huo ndio ulionilaza.

Ijumaa, 22 Machi

Nimelipata kosa. Ni langu, nililitenda nikiwa na miaka kumi na tisa, na lilinifurahisha.

Jedwali la C haliandiki jina la mteja. Linaandika anwani tu, mahali ambapo jina hilo linakaa katika kumbukumbu ya mashine. Jina lenyewe ni juu yako kulitunza. Na mimi, kwa kuokoa kumbukumbu, nilitenga mahali pamoja pekee. Nilisoma mteja wa kwanza hapo, nikalipa jedwali anwani. Nikamfuta, nikasoma wa pili palepale, nikatoa anwani ileile. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Watu wote wa Baba walikuwa na anwani moja.

Baya zaidi, hata swali nililisoma palepale. Kwa hiyo jedwali likienda kwenye nafasi ya mtu kulinganisha majina, lilikuwa linalinganisha swali na swali lenyewe. Likaona yanafanana, likajibu. Nafasi ikiwa na mtu yeyote, huyo ndiye. Ndiyo maana halikusema hakuna.

Kwenye mashine ya Mama ilikwenda vizuri kwa bahati tu. C ya mashine ile ilikuwa ikihifadhi pia namba iliyotokana na jina, ikazilinganisha namba kwanza. Hii mpya inaangalia jina tu. Miaka ishirini Mama alifanya kazi juu ya ubao uliooza na haukuvunjika.

Nimemweleza Baba. Alisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano, jambo ambalo sasa linamchukua muda.

"Yaani ulikuwa na bahasha moja kwa wateja wote. Unafuta jina, unaandika jingine juu yake."

"Ndiyo, Baba."

"Na chuo wakakupa cheti."

"Wakanipa."

Akatikisa kichwa, lakini mdomo ulikuwa umemlegea kwa kutaka kucheka.

Nimerekebisha. Sasa kila jina linanakiliwa na kupewa mahali pake kabla ya kuingia. "Sabuni" imejibiwa Hakuna, Mkasi akapiga makofi. Asiyesimama Wima amerudi droo 33. Kisha nikaandika jina la Mama.

Hakuna.

Baba alisoma neno hilo kwa muda mrefu kuliko urefu wake. "Bora ilipokuwa inadanganya," akasema, akaenda kufunga madirisha.

Jumamosi, 23 Machi

Tumegombana. Nimemwambia gauni naweza kununua. Sikupaswa.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kuna la kuandika, ingawa nisingependa.

Mkasi ameuliza wateja wanane wa miaka ya karibuni, wote Hakuna. Nimehesabu. Jedwali lina watu elfu moja kamili. Faili lina 1,314. Nilipotengeneza jedwali nilimwambia hcreate nafasi elfu moja, nikidhani Baba hatafikisha hata mia sita. Likishajaa, hsearch haipigi kelele. Inarudisha jibu tupu kwamba imeshindwa, na ni kazi ya mwandishi kulitazama jibu hilo. Sikulitazama. Mia tatu na kumi na nne waligonga mlango, wakafungiwa, na hakuna aliyeandika popote.

Nilipoona hesabu hiyo nikakumbuka simu. Ilikuwa mwaka mmoja kabla hajaanza kuumwa. Nilikuwa kazini, watu wananisubiri chumba cha mkutano, na Mama akapiga.

"Mwanangu, mashine yako imeshiba."

"Imeshibaje, Mama?"

"Imeshiba. Wateja wapya haiwataki. Nawaandika vizuri, nikiwauliza inasema hawapo."

Nikamwambia aizime, ahesabu kumi, aiwashe. Alikuwa ameniambia kosa lote kwa neno moja, kwa usahihi ambao mafundi wangu wa kulipwa hawana, na mimi nikampa jibu la kumfukuzia. Hakupiga tena kuhusu jambo hilo. Aliendelea kuwaandika kwenye faili mmoja mmoja, akijua hawaingii, na mahali walipo akapabeba kichwani. Mpaka mwisho.

Nimelia, Mkasi akiwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo akijifanya anapanga vifungo.

Jioni nimempa hcreate elfu tatu, na nimeweka sharti kwamba akikataliwa mtu mmoja programu isimame na kumtaja. Wote 1,314 wameingia. Nikajiambia Mama alikuwa miongoni mwa waliofungiwa, ndivyo haki ingekuwa. Nikaandika jina lake.

Hakuna.

Jumanne, 9 Aprili

Kosa jingine, dogo. Majina arobaini na mawili yana nafasi tupu mwishoni. Mama alikuwa akigonga kitufe kile kirefu akimaliza jina, "lipumue," alivyosema. Kwa jedwali, jina lenye pumzi na jina lisilo na pumzi ni watu wawili. Linataka herufi kwa herufi, halina kukisia. Nimeifundisha programu iziondoe yenyewe inaposoma, na wote arobaini na wawili wamepatikana. Yeye hayumo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mimi na Mkasi tumeshusha droo zote, isipokuwa ile ya chaki, ambayo haina bahasha. Siku nzima tumefungua na kusoma. Hakuna bahasha yenye jina la Mama. Ndani ya bahasha hamna msaada wowote. Vipande vya karatasi ni vipande vya karatasi, na wanawake wembamba wa mji huu ni wengi. Baba ameshika kama thelathini, amepitisha vidole, amerudisha zote. Macho yamemvimba kwa vumbi, kasema ni vumbi.

Tulipomaliza aliniambia, "Labda aliitupa. Hakupenda vipimo vyake vionekane."

"Baba, Mama hakutupa hata kipande cha uzi."

"Basi sijui."

Nilipofika hapa Machi nilimwona mzee mkaidi anayetaka karatasi badala ya kumpima bintiye. Leo nimemwona anavyoshika kila kipande, na nimeelewa anachokitafuta. Picha za Mama anazo ukutani. Hizo zinaonyesha uso. Anataka alivyokuwa chini ya mikono yake.

Jumatano, 17 Aprili

Nimejaribu: Mama Watoto. Mke Wangu. Mwenye Duka. Binti wa Muuza Taa, maana babu alikuwa muuza taa. Hakuna, Hakuna, Hakuna, Hakuna.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemkalisha Baba kwa chai.

"Hukumuuliza jina siku ya kwanza. Si ndiyo?"

"Simuulizi mtu."

"Kwa hiyo uliandika ulichokiona. Uliona nini?"

Akafikiri kweli, kikombe kimesimama hewani. "Niliona mteja. Mwanangu, wakati ule sikujua kwamba ni yeye. Ningejua ningekumbuka."

Nimelisoma faili lote mara mbili, mistari 1,314, nikitafuta mwanamke ambaye angeweza kuwa Mama. Ni wengi mno. Mwenye Kicheko? Mwenye Kicheko ni muuguzi, Mkasi anamjua. Msichana wa Mwavuli ana nguo za mtoto. Sikuona kitu. Niliona mji mzima niliokulia, ukipita mlangoni mmoja mmoja na kuinua mikono upimwe kifua.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua ya mawe. Paa linavuja palepale. Tumesogeza kompyuta.

Ijumaa, 3 Mei

Mkasi amenipima bila kuniomba ruhusa na kumwambia Baba, "Mzee, nitachora mimi, wewe utakata. Nani atajua?"

"Mimi," kasema Baba. Hakukasirika. Baadaye alivua futi shingoni akamvisha Mkasi. Siku kumi na tano kabla ya tarehe. Shingo yake bila futi ni nyembamba kuliko nilivyojua.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zinapungua. Asubuhi jua limeingia hadi meza ya kukatia. Baba ameanza kufunga vitu vyake kwenye sanduku: pasi, mkasi wake mmoja, kigoda. Gauni halitaji tena.

Alhamisi, 9 Mei

Nitaandika polepole nisiruke kitu.

Saa nne aliingia karani wa posta, mwanamke mmoja mtanashati, na sketi mkononi. Ni mara ya tatu anairudisha. Mara ya kwanza alisema pindo refu. Mara ya pili, fupi. Leo alisema limepinda. Mkasi alilipima mbele yake kwa futi, limenyooka kabisa, na nikaona ulimi unataka kufanya kazi yake. Baba akawahi. Aliipokea sketi kwa mikono miwili, akasema, "Tutalitazama, dada. Njoo Jumamosi."

Alipotoka Mkasi alilipuka. "Mzee! Pindo halina kitu! Huyu anatuchezea!"

Baba akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nije, cheko la tumboni. "Mwache. Wapo wanaofuata pindo na wapo wanaofuata mengine. Hukumwona anavyomwangalia yule fundi saa aliyepanga dirisha letu la pili? Mama yake huyu," akaninyooshea kidole, "alinirudishia gauni mara tatu. Refu, fupi, limepinda. Nilimchukia wiki nzima! Ya tatu ndiyo nikapata akili kwamba pindo halina—"

Hakumaliza, kwa sababu nilikuwa nimesimama na kiti kimeanguka.

Miaka ishirini na mbili iliyopita alisimama nyuma yangu mikono yake ikinuka vitambaa vipya, akanipa jina la kwanza kabisa kuingia kwenye jedwali hilo. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaandika asifutwe, amri yake, na sikuuliza mara ya pili. Nilikuwa nalo mbele ya macho tangu tarehe 5 Machi. Nilitafuta makosa katika kazi yangu majuma tisa, nikayapata yote, na muda wote huo jedwali lilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa nauliza vibaya.

Niliandika: Msumbufu wa Pindo.

Droo 38.

"Thelathini na nane ni chaki," Mkasi akasema.

Baba alikuwa ameketi mahali pake. Hakuhitaji kusimama. Alinyoosha mkono bila kutazama, kama anavyofanya mara hamsini kwa siku, akaivuta kwa mlio wake. Akatoa chaki, akatoa futi iliyokatika, akatoa penseli. Chini kabisa palikuwa na karatasi iliyogandamana na sakafu ya droo, tuliyodhani ni ya kuzuia vumbi. Akaingiza kucha pembeni, ikabanduka. Ilikuwa bahasha.

Juu yake, kwa penseli na kwa mwandiko wa Baba wa ujana, ulionyooka: Msumbufu wa Pindo. Chini yake, kwa wino wa buluu, mwandiko wa Mama: Na bado.

Nilimsomea. Aliniambia nimsomee tena.

Kisha akatandaza vipande mezani. Aliweka kiganja kwenye kipande cha mgongo akakaa nacho hapo, macho amefumba, na kidole gumba kikipita begani, kikienda na kurudi. "Kumi na nne na nusu," akasema. "Bega la kulia limeshuka kidogo, alikuwa akibeba mkoba upande huo." Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya karatasi na Mkasi akaisogeza taratibu isilowe.

Ijumaa, 10 Mei

Vipande ni vya msichana wa miaka ishirini na tatu. Mimi nina arobaini na moja.

"Havitanitosha, Baba."

"Kaa kimya. Nitaachia inchi pembeni."

Jumamosi, 11 Mei

Amekata. Kwa vidole kama alivyosema, ukingo wa karatasi ukimwongoza, mkasi ukifuata kucha. Kitambaa ni cha kijani, alikuwa nacho tangu Mama yu hai. Karani wa posta amekuja kuchukua sketi, ambayo hatukuigusa. Amesema sasa ndiyo imekaa sawa, akaenda dirisha la pili kuuliza saa.

Jumanne, 14 Mei

Cherehani tangu asubuhi. Nimelala mchana sakafuni, chini ya meza ya kukatia, mtu mzima mimi, miguu imetokeza nje. Hakuna aliyenifukuza.

Jumamosi, 18 Mei

Mbingu nyeupe, barabara imekauka. Mkasi amekuja amevaa vizuri, Baba akampa funguo mbele ya majirani watatu na fundi saa. Hotuba ilikuwa neno moja: "Haya."

Kisha nikaenda nyuma ya pazia nikavaa. Lilinitosha. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kidogo, nami nimebeba mkoba wa kompyuta upande huo miaka ishirini, likakaa. Nikatoka. Baba alinizunguka mara moja, akanigusa kola, akarudi nyuma hatua mbili mahali ambapo macho yake yanaweza kunipata mzima. Alikaa hivyo muda mrefu. Majirani wakatazama chini.

Nikainama nikaangalia pindo kwenye kioo. Lilikuwa limenyooka kama uzi wa mwashi.

"Baba," nikasema. "Pindo limepinda."

Mkasi aliziba mdomo. Baba akanitazama, kidevu kikaanza kumtetemeka, na sikujua kama nimemuumiza mpaka alipocheka, akacheka mpaka akatafuta kiti nyuma yake kwa mkono na kukaa.

"Njoo Jumamosi," akasema alipoweza.

Aliomba bahasha mpya. Vipande alivyoviongezea inchi alikuwa amevichorea karatasi yake, ile mistari yake miwili miwili, akavikunja akavitia ndani. Akachukua penseli. Hakuniuliza jina. Aliandika kwa herufi kubwa zisizokaa kwenye mstari, akaifungua droo ya chaki akaiweka juu ya ile nyingine.

Nimewaachia kompyuta imewaka. Jambo la mwisho nililofanya kabla ya kufunga mkoba ni kuongeza mstari mmoja kwenye faili la Mama: Msumbufu wa Pili, droo 38. Mwishoni nikagonga kile kitufe kirefu, lipumue. Nikauliza, nikasubiri jibu, Baba akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Yupo.